Mtu kaja na ofa ya dharau kwenye nyumba yako? Kabla hujamtukana pitia huu uzi

kichwa_ngumu (mleta uzi)

Wakuu salamu. Uzi ni mrefu, asiye na nyumba ya kuuza apite tu, atarudi siku yake ikifika.

Niliuza nyumba mwaka jana na niliiuza kijinga. Sitaji wapi wala fedha gani, kila namba nitakayoandika humu hesabu kwamba bei niliyotangaza ilikuwa 100, wewe weka sifuri zako mwenyewe. Basi wiki ya pili tu tangu nitangaze akaja jamaa, kazunguka dakika ishirini, kafungua fungua makabati, kagonga ukuta kwa kidole, kaondoka kimya. Jioni dalali ananipigia, sauti ya chini kama analeta habari za msiba, "mzee yule mteja anasema ana 72". Sabini na mbili! Nyumba ambayo nimesimamia kila tofali! Nikamjibu maneno ambayo nikiyaandika hapa mods watanipiga ban, nikamalizia kwa kusema mwambie akatafute banda la kuku. Na dalali naye, Mungu amsamehe, akayafikisha yote vile vile bila kupunguza neno.

Miezi minane baadaye nimeuza kwa 83, kwa mtu mwingine, nikiwa nimechoka hata kupokea simu. Yule wa 72? Alinunua nyumba ya mtaa wa pili inayofanana na yangu, akalipa 91, na mwenye nyumba mwenyewe kaja kuniambia kwamba kwake alianza na 70. Yaani jamaa ndivyo anavyopiga hodi. Mimi nikamfungulia mbwa.

Nimekaa nimeifikiria hii kitu kwa muda sana na nimeona wenye nyumba tukipewa ofa ya chini tunaharibu kwenye yale masaa machache ya mwanzo, damu ikiwa imepanda. Kuna anayefukuza mtu ambaye angelipa vizuri, na kuna anayeingiwa uoga akajishusha mwenyewe bila hata kuuliza. Mimi nimefanya yote mawili kwenye nyumba hiyo hiyo moja, la kwanza kwa yule wa 72, la pili kwa huyu aliyenunua.

Kwa hiyo siku ya ofa usijibu. Sema umeipokea, unashukuru, utatoa jibu kesho jioni, basi. Ila usikae kimya wiki nzima, mtu ataona umempotezea ataenda kuangalia nyingine. Usiku mmoja unatosha, utaamka bado umenuna lakini hesabu zitakuwa zimerudi kichwani.

Na hiyo kesho yake unatakiwa uwe na karatasi, ambayo ilitakiwa iandikwe KABLA hujatangaza nyumba. Ina namba moja tu: bei ambayo chini ya hapo hata mnunuzi akilia huuzi. Nasema kabla kwa sababu ukishasikia 72 akili inaanza kuhesabu kutokea pale, hutaki lakini inaanza. Mwaka 1987 watafiti wawili, Northcraft na Neale, waliwachukua madalali wa nyumba wa Tucson kule Arizona wakawatembeza nyumba moja, wakawapa taarifa zile zile, kilichotofautiana ni bei iliyotangazwa tu, wengine walionyeshwa kubwa wengine ndogo. Makadirio yao ya thamani yakaifuata ile namba waliyoonyeshwa, na wengi walipoulizwa wakakana kabisa kwamba iliwavuta. Hao ni watu ambao mkate wao wa kila siku ni nyumba. Wewe unayeuza moja maishani utapona wapi?

Hiyo namba unaipata kwa kuangalia nyumba za kufanana na yako ZIMEUZWA bei gani miezi ya karibuni, maana bei za kwenye matangazo ni ndoto za wenzako tu kama ulivyo wewe. Toa kasoro za kwako, bati, mabomba, nyufa, unazijua usijifanye huzijui. Halafu kuna hesabu ambayo watu wengi wanairuka na mimi niliiruka, ambayo ni gharama ya kusubiri. Nyumba isiyouzwa inakula. Kodi, ulinzi, usafi, matengenezo, na kama bado kuna mkopo riba inatembea usiku na mchana. Ya kwangu ilikuwa inakula karibu 0.7 kila mwezi. Sasa chukua mtu anakupa 88 leo, wewe unasema hapana nangoja wa 93, anakuja kweli baada ya miezi 6. Toa 4.2 iliyoliwa, umebaki na 88.8. Miezi sita ya presha kwa 0.8, na hapo nimekubali kwamba wa 93 kaja kweli. Kwangu mimi hakuja.

Sasa ofa yenyewe. Ukiambiwa namba usiishie kwenye namba, uliza inakuja na nini. Hela ipo mkononi au anategemea benki? Kama ni benki, ana barua ya kuonyesha wamemkubalia mpaka kiasi gani? Kama ni keshi, anaweza kuonyesha kwamba ipo? Anataka kuhamia lini? Lazima auze ya kwake kwanza ndio anunue yako? Atataka fundi aje kukagua na akikuta kitu atadai umtengenezee? Arbuni anaweka kiasi gani na akikimbia inabaki kwa nani? Mtu wa 86 mwenye hela mkononi na asiyeuliza habari ya bati anaweza kuwa bora kuliko wa 92 anayesubiri benki, maana benki inatuma mthamini wake, mthamini akisema nyumba ni 85 mkopo unakatwa hapo na wewe unarudi mwanzo, nyumba imekaa miezi miwili bila kuonyeshwa mtu.

Kingine kinachotumaliza ni kukutana katikati. Inaonekana ni haki, "wewe 100 mimi 70 tukutane 85". Haki gani hiyo wakati katikati ameichagua yeye? Angeanza na 60 katikati ingekuwa 80. Ukishakuwa na desturi ya kugawana nusu kwa nusu basi bei yako anaipanga mwenzako siku ya kwanza. Punguza kwa sababu zako, na kila ukipunguza hatua iwe fupi kuliko iliyopita, 100, halafu 97, halafu 95.5, halafu 95. Mnunuzi anasoma hatua zako, akiona unatoka 100 unatua 92 kwa simu moja anajua chini kuna shimo anaendelea kuchimba. Na kila ukitoa kitu omba kitu: nashusha 2 ila umalize malipo ndani ya siku 30, nakuachia makabati na pampu ila habari ya ukaguzi tuishie hapa.

Leo yule wa 72 ningemjibu hivi: "Asante kwa kuja kuangalia na kwa ofa yako. Kwa 72 hatutafika. Nyumba tatu za kufanana na hii zimeuzwa kati ya 89 na 94 ndani ya nusu mwaka, nimekuwekea orodha. Mimi naweza kwenda 97 na makabati nakuachia kama unaweza kumaliza ndani ya siku 45. Nasubiri jibu lako mpaka Ijumaa." Hakuna tusi, hakuna kulialia, hakuna historia ya kila tofali. Akitoweka, katoweka na 72 yake. Akirudi na 80 ujue una mnunuzi.

Karibuni mnichane.

msomaji tu

Mimi 72 ningemfukuza vile vile na mbwa ningefungua, samahani mkuu 😂

kichwa_ngumu

Fungua mkuu, ila kalamu ya hesabu uwe nayo karibu. Hakuna anayekunyima hasira, kasirika nyumbani kwako, jibu liende kesho.

dalali_mstaafu

Nimefanya hii kazi miaka mingi kabla magoti hayajagoma, nikuongezee kitu mleta uzi. Ofa ya chini haisomwi peke yake, inasomwa na tarehe. Ofa moja ya chini wiki ya pili ni mvuvi katupa ndoano. Ofa tatu za chini kutoka kwa watu watatu wasiojuana, zote zinaangukia 80, 82, 81, hapo soko limeshakuambia bei, wewe ndiye unayebisha. Na kuna ugonjwa mwingine mbaya kuliko ofa ya chini nao ni kukosa ofa. Watu hawaji hata kuangalia, bei imewatisha toka kwenye tangazo. Wanakuja wengi, wanaangalia, wanapotea, kuna kitu ndani ya nyumba, harufu, giza, jirani, kitafute. Ofa ya chini ni mtu kaja, kaona, na bado anaitaka, kuna wateja wangu walikuwa wanaiombea hiyo.

Halafu wavuvi wapo wa aina mbili. Kuna anayetaka nyumba ila anataka kuipata rahisi, na kuna ambaye kaituma ofa hiyo hiyo kwenye nyumba kumi anangoja mwenye shida mmoja anase. Kuwatofautisha mpe kazi ndogo. Mwambie alete uthibitisho wa hela, au aje tena na mwenza wake, au aandike ofa kwenye karatasi na tarehe ya kulipa. Wa nyumba kumi hana muda huo, atakuambia "wewe sema tu kama ni ndiyo au hapana".

Na hilo la dalali wako kufikisha matusi vile vile, huyo hakuwa dalali alikuwa spika.

bongeda

Dalali mstaafu tuache tupumue, nyie ndio mnatuuza. Ofa ya kwanza tu ikifika "bosi chukua hii soko gumu". Kuna utafiti wa Levitt na Syverson ulitoka 2008, waliangalia karibu nyumba laki moja zilizouzwa eneo la Chicago, wakalinganisha madalali wanapouza nyumba ZAO na wanapouza za wateja. Za kwao ziliuzwa bei ya juu kwa karibu asilimia 3.7 na zilikaa sokoni siku 9.5 zaidi. Yaani ya kwake anasubiri, ya kwako anakuharakisha. Sema huo ni uongo.

dalali_mstaafu

Sio uongo kijana na wala sikatai. Piga hesabu mwenyewe, kama kamisheni ni asilimia 3 na wewe unataka tusubiri ipande kutoka 88 hadi 93, mimi naongeza 0.15 kwa wiki kadhaa za kuzunguka na funguo. Ningekuwa mwendawazimu kutaka kusubiri. Ndio maana nilikuwa nawaambia wateja wangu wasinitajie ile namba ya kwenye karatasi siku ya kwanza. Nikiijua, hata nikiwa mtu mwema, mdomo wangu utalegea mbele ya mnunuzi. Ila lazima dalali aletewe sababu za kukaza, hizo bei za nyumba zilizouzwa, risiti za bati jipya, ramani, hati iwe safi imekaa mezani. Ukimtuma mikono mitupu atarudi mikono mitupu. Na ukitaka unaweza kumpangia kamisheni ipande ikivuka bei fulani, wengi hawaombi tu.

Mama Pacha

Wadau mimi naongelea upande ambao kichwa_ngumu hakuugusa, nyumba ya urithi. Tulikuwa wanne, nyumba ya marehemu mama, tumekubaliana kabisa chini ya 90 hatuuzi. Akaja baba mmoja mtu mzima mpole kweli, anaongea taratibu, akatoa 76, kaka mkubwa akamkatalia vizuri tu kwa heshima. Sisi tukajua yameisha. Kumbe yule baba alipokuja kuangalia nyumba alichukua namba ya mdogo wetu wa mwisho, na mdogo wetu alikuwa na madeni yanamfukuza na sisi hatujui. Wakawa wanapigiana. Baada ya wiki mbili mdogo wetu kaja kwenye kikao analia, "mnataka niuziwe vitu vyangu ndio mkubali?" Yule baba alishajua kila kitu chetu, nani anadaiwa nani hana haraka, mpaka kwamba dada yetu anasafiri mwezi ujao. Tuliuza 78.

Kwa hiyo kama mnauza wengi msemaji awe mmoja, na wengine wote mkipigiwa jibu ni moja, "ongea na kaka". Na yule mwenye shida bora ndugu mumkopeshe kwanza apumue ndio mkae mezani, tungemchangia ile hela ndogo aliyokuwa anadaiwa tungekuwa mbali sana. Mpaka leo tukikutana hiyo mada haiguswi.

kichwa_ngumu

Pole sana dada. Hii imeniuma kuliko ya kwangu.

Ila niulize kwa upole, ile 90 mliifikiaje? Maana sisi tuliokulia kwenye nyumba au tuliojenga huwa tunaongeza ya moyoni. Kuna jaribio la Kahneman, Knetsch na Thaler la mwaka 1990, wanafunzi nusu walipewa vikombe wakaambiwa ni vyenu, nusu hawakupewa. Waliopewa vikombe walitaka waviuze kwa zaidi ya mara mbili ya bei ambayo wasionavyo walikuwa tayari kulipa. Kikombe! Mtu amekaa nacho dakika chache tu. Sasa nyumba aliyofia mama yako utaiuzaje kwa bei ya mtu ambaye anaona kuta tu?

Mama Pacha

90 tuliisikia kwa jirani. Aliyetangaza, sijui kama aliuza. Umenifumbua macho ila umechelewa kidogo 😅

Wakili Mchovu

Naona hakuna aliyegusa sheria, nipite haraka maana niko foleni. Kwenye nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, ukijibu ofa kwa kutaja bei yako nyingine, ile ofa ya mwanzo umeiua. Kuna kesi ya 1840, Hyde na Wrench, na ilikuwa ni shamba linauzwa. Muuzaji alitaka pauni 1,000, mnunuzi akasema 950, muuzaji akakataa, mnunuzi akabadili mawazo akaandika haya nakubali 1,000. Mahakama ikasema umechelewa, ulipotaja 950 ile ya 1,000 ilikufa. Sasa igeuze ije kwako muuzaji. Mtu kakupa 88, wewe unasema 95, yeye anasema hapana asante. Huwezi kurudi kesho ukasema "basi nimekubali 88" ukadhani amefungwa. Anaweza kukujibu sasa ni 84.

Kwa hiyo kama 88 unaipenda ila unataka kuvuta kidogo, uliza, usitaje namba. "Hiyo ndiyo mwisho wako? Ukilipa haraka zaidi unaweza kuongeza?" Swali haliui ofa, mahakama ilishasema hivyo kwenye kesi ya 1880. Na mambo ya kukubaliana kwa simu muyaache, ardhi ni maandishi. England na Wales kwa mfano hakuna aliyefungwa mpaka pande zote mbili zibadilishane mikataba iliyosainiwa, ndio maana wapo wanunuzi wanaokubali bei nzuri halafu siku mbili kabla ya kusaini wanakuambia punguza 6 au naondoka, wakijua umeshafunga mizigo. Kila nchi na sheria yake, mtafuteni wakili wa hapo mlipo, sio mimi.

kichwa_ngumu

Asante wakili, hilo la kuua ofa sikulijua kabisa na nina umri huu.

Na hiyo ya kupunguza siku mbili kabla ndiyo iliyonipata. Tulikubaliana 88 na huyu aliyenunua, fundi wake akaja kukagua akatoka na karatasi ndefu, nyufa, nyaya, unyevu, sijui mteremko wa choo. Akataka atoe 8. Mimi nilikuwa nimeshalipia nyumba nyingine nikawa nimebanwa kotekote nikashuka 5 bila hata kuuliza. Baadaye nikamwita fundi wangu akaniambia kazi yote ile haifiki 2. Nilitakiwa nimwite fundi wangu KABLA ya kutangaza, niyajue yote, nitengeneze ya bei rahisi na yanayobaki niyaseme wazi mwanzoni ili yawe ndani ya bei. Mnunuzi akija na karatasi yake unamwambia haya yote tuliyaongea siku ya kwanza.

nahama_wiki_sita

Wakuu mmenikuta katikati ya moto, naomba ushauri wa haraka. Nimehamishwa kazi, nina wiki sita. Nyumba imekaa sokoni siku 40, wameangalia watu kumi na kitu, ofa mbili, moja 79 ikapotea, hii ya sasa ni 81 keshi ya mtu mmoja mwenye nyumba za kupangisha. Anataka jibu leo usiku, eti kesho anaenda kuangalia nyingine. Karatasi yangu inasema 87. Mke wangu anasema chukua tuondoke. Nimeshindwa hata kufanya kazi leo.

dalali_mstaafu

Anajua kwamba una wiki sita?

nahama_wiki_sita

Dalali wangu alimwambia ili "kuonyesha tuko serious".

dalali_mstaafu

Daah.

Haya. Hiyo "jibu leo usiku" usiitetemekee, mtu aliyekuja na ofa ya keshi hafi kesho asubuhi. Ila usimpuuze pia. Mtu wa kupangisha ananunua kwa hesabu ya kodi atakayokusanya, hana mapenzi na maua yako, huyo usimpigie stori za mtaa mzuri. Mpigie hesabu. Nyumba kama yako inapangishwa kwa bei gani? Mpangaji anaweza kuingia lini? Kama unaweza kumkabidhi mapema ili aanze kukusanya, hiyo kwake ni hela. Na swali la kumuuliza mkeo na wewe mwenyewe: mkiondoka nyumba ikabaki imefungwa, inakula kiasi gani kwa mwezi na nani ataishika funguo?

kichwa_ngumu

Naongezea, na wewe fikiria njia yako nyingine ni ipi kama huyu akiondoka. Kama ni kuipangisha mwenyewe mwaka mmoja na unaweza, basi una pa kukimbilia na 87 yako ina miguu. Kama huna, 87 ni matamanio tu, usiingie kwenye hasira niliyoingia mimi. Ofa mbili za watu wasiojuana, 79 na 81, siku 40, soma alichoandika dalali pale juu.

Usitaje namba kabla hujauliza, fuata ya wakili. Na wewe ndiye umpigie sasa, dalali akae pembeni kidogo.

bongeda

Kaza mkuu usikubali kupigwa. Keshi gani 81

Mama Pacha

Bongeda wewe utamlipia ulinzi miezi hiyo yote? Mwache mtu apige hesabu na mkewe.

msomaji tu

Niko hapa nasubiri mrejesho, leo silali

nahama_wiki_sita

Mrejesho. Nilimpigia mwenyewe. Nimemwambia 81 nimeipokea, nikamuuliza hiyo ndiyo mwisho au kuna kitu kwenye nyumba kinachokutia wasiwasi, nikanyamaza kama sekunde kumi hivi ndefu kuliko maisha yangu. Akasema wasiwasi wake ni bati na tenki. Kumbe alikuwa amehesabu bati lote libadilishwe! Nikamwambia nina risiti ya bati, upande wa nyuma limewekwa jipya miaka miwili iliyopita, akasema hakuambiwa. Nikamwambia pia naweza kukabidhi ndani ya wiki tatu sio sita, maana tunaweza kukaa kwa shemeji. Akanyamaza yeye sasa. Kasema ataongeza ila hatataja mpaka aone bati kwa macho, na mke wangu kakubali tusishuke chini ya 85, tumeandika upya karatasi wote wawili tumesaini 😂

Anakuja kesho saa nne na fundi. Natafuta ngazi ya kuazima.